Anzia Kwenye Kinamasi: Namna ya Kupima Dunia Iliyomo Ndani ya Kadi

Anayefungua pakiti ya kadi za Magic: The Gathering kwa mara ya kwanza hutafuta joka. Ni haki yake, amelipia. Lakini joka halikwambii mengi kuhusu seti, yaani kundi la kadi zinazotolewa pamoja. Karibu kila seti ina joka, au malaika, au jitu la kutisha, na kazi hizo haziachiwi mchoraji asiyejiweza. Ukitaka kujua kama watunzi wamejenga dunia kweli au wameshona mavazi ya sherehe tu, okota kadi ambazo wenzako wanazisahau mezani baada ya mchezo: kinamasi, mwanakijiji, mlinzi wa lango.

Mchezo huu una ardhi tano za msingi, yaani uwanda, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu. Mchezaji hawezi kufanya mengi bila ardhi, iwe hadithi inatokea jangwani au baharini. Ndipo mtunzi anapobanwa. Seti ya Ravnica ya mwaka 2005 inahusu dunia ambayo yote ni jiji moja lisilo na mwisho. Sasa msitu utaota wapi? Wachoraji walijibu kwa miti inayobanwa na kuta, maji yanayopita katikati ya minara, na milima ambayo huna hakika kama ni mawe au ni majengo. Hakuna hata neno moja la hadithi kwenye kadi hizo, ila ukizitazama unajua mahali ulipo. Ukikutana na msitu unaoweza kuhamishiwa seti nyingine yoyote bila mtu kushtuka, itilie shaka seti nzima.

Kadi yenyewe ina milimita 63 kwa 88. Katika nafasi hiyo ndogo kuna jina, picha, sheria ya kuichezea, na mara nyingi mstari wa hadithi ulioandikwa kwa herufi za mlazo. Mnunuzi wa kanga anayejua anachonunua hauangalii mji peke yake. Hutazama kama pindo linaafikiana nao, kisha husoma jina. Kadi nayo huangaliwa hivyo. Mstari wa hadithi unaorudia kile ambacho picha imeshaonyesha ni wino uliopotea. Mzuri hukupa jambo lisiloonekana: nani alikufa hapa jana, wazee wa kijiji wanamwita nani mnyama huyu, kwa nini mlango ule haufunguliwi.

Ila kinachonivutia zaidi ni sheria, maana hapo ndipo wengi wa wapenda picha hawafiki. Chukua Delver of Secrets, ya seti ya Innistrad ya 2011, dunia ya vijiji vya ukungu, mizuka na mbwa-mwitu. Ni kadi ya kawaida kabisa. Upande wa mbele Nils Hamm amemchora mtafiti katika maabara yake. Upande wa nyuma mtu huyohuyo amekuwa mdudu mwenye mabawa. Na sheria inasemaje? Kila mwanzo wa zamu yako unachungulia kadi ya juu ya fungu lako. Ikiwa ni ya uchawi wa aina fulani, unaweza kuionyesha na kumgeuza. Maana yake mchezaji mwenyewe anafanya utafiti, anafunua ukurasa baada ya ukurasa, mpaka siku anapopata alichokuwa akikitafuta. Wanakijiji wa seti hiyo hugeuka mbwa-mwitu ikipita zamu ambayo hakuna aliyetumia uchawi wowote. Kimya kikitanda, usiku umeingia. Hakuna aliyehitaji kukueleza.

Wazo hili la sheria kusimulia hadithi ni la zamani karibu sawa na mchezo wenyewe. Richard Garfield, aliyeubuni mchezo uliotoka 1993, alifunga mwaka huohuo kwa seti ya Arabian Nights, iliyochotwa kwenye hadithi ambazo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Kama dunia, seti hiyo haijakamilika: Baghdad na Alexandria zimetiwa kama zilivyo, na Sindbad na Ali Baba wanakaa kama wageni waalikwa. Lakini ina kadi moja, Shahrazad, inayowalazimisha wachezaji kuusimamisha mchezo wao, kucheza mwingine mdogo ndani yake, kisha kurudi, na aliyeshindwa apoteze nusu ya uhai wake. Hadithi ndani ya hadithi! Inachosha, na mashindanoni imepigwa marufuku. Hata hivyo sijaona kadi iliyokielewa kitabu chake vizuri kuliko hiyo.

Mirage, ya Oktoba 1996, inatuhusu zaidi. Wakati michezo mingi ya namna hii ilikuwa imejifungia katika ngome za Ulaya, seti hii ilihamia Jamuraa, bara la kubuni lililochota mengi kutoka Afrika, lenye mataifa ya Zhalfir, Femeref na Suq'Ata, na watu weusi wakiwa mashujaa na wachawi wakuu. Kwa picha peke yake ingestahili kutazamwa hadi leo. Kwa majina, msomaji wa Kiswahili atacheka kidogo. Burning Shield Askari amekaa sawasawa: ngao, moto, mtu wa silaha. Shauku ni jina linalomfaa mnyonya damu asiyeshiba. Lakini kuna Ekundu Griffin, ambaye kadi yake ni ya rangi nyeupe, na katika seti iliyofuata, Visions ya 1997, kuna Daraja Griffin, asiye na daraja lolote pichani wala katika sheria yake. Majina ya namna hii yanasikika kama yaliokotwa kwa mlio wake. Sikushauri uitupe seti kwa ajili hiyo, ila jifunze kuuliza: jina hili limetoka ndani ya dunia, au limebandikwa juu yake?

Kinachoiokoa Mirage ni Teferi. Mchawi huyu alifanya majaribio ya kuchezea wakati hadi kisiwa chake kikatoweka, na seti ina kadi zenye sheria hiyohiyo: zinaondoka mezani zamu moja, zinarudi zamu yako inayofuata, kama kwamba hazikwenda popote. Baadaye, katika hadithi za seti ya Invasion ya 2000, Teferi alilificha taifa zima la Zhalfir lisifikiwe na wavamizi. Halikuonekana tena hadi March of the Machine, mwaka 2023. Kuacha taifa likose kurudi kwa miaka zaidi ya 20, kwa kufuata sheria iliyochapwa kwenye kadi za bei rahisi za 1996, ni uvumilivu ambao waandishi wengi wa riwaya hawana.

Turudi kwenye jicho. Chukua kipande cha kadibodi, kitoboe dirisha la ukubwa wa picha, kisha kipitishe juu ya kadi kumi za kawaida za seti moja. Katika Ravnica, askari wa chama cha Boros asichanganyike na jasusi wa chama cha Dimir hata kama jina limefunikwa: chuma, rangi, umbo la bega, hata namna anavyosimama. Halafu iweke kadi upande wa pili wa meza. Picha njema husomeka kutoka huko. Lightning Bolt ya Christopher Rush ilichorwa 1993, na mpaka sasa huhitaji kuinama ili ujue ni radi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kufanana ndiko ubora. Katika toleo la kwanza, Jesper Myrfors aliyesimamia picha aliwaachia wachoraji uhuru mkubwa, na kazi ya kuchora kadi ya Stasis akapewa Fay Jones, mchoraji wa majumba ya sanaa ambaye pia ni shangazi wa Garfield. Picha yake ni ya ajabu, kama ndoto iliyovurugika, na haifanani na jirani yake yeyote. Siku hizi wachoraji hupewa kitabu cha mwongozo wa dunia, chenye mavazi, majengo na wanyama, na matokeo yanashikamana vizuri zaidi. Yanashikamana mno, pengine. Nikiona seti ambayo kila picha ina mwanga uleule wa machweo, naitamani Stasis.

Fremu nayo isiipite picha. Kadi maalumu za Amonkhet, dunia ya 2017 iliyofuata Misri ya kale, zilipambwa hadi jina la kadi likawa halisomeki. Hilo ni kosa la kazi, hata kama dhahabu inang'aa.

Kisha kuna ugonjwa wa kofia. Outlaws of Thunder Junction, ya Aprili 2024, iliwachukua wahusika tunaowajua, ikawavika kofia pana za wachunga ng'ombe na kuwapeleka kwenye dunia ambayo karibu wakazi wake wote ni wageni. Picha nyingi ni nzuri, lakini ukiondoa kofia husikii chochote chini yake: hakuna mababu, hakuna ugomvi wa shamba, hakuna mtu aliyezaliwa hapo akazeeka.

Linganisha na Lorwyn ya 2007, nchi ya mchana usiokwisha na isiyo na binadamu hata mmoja, na Shadowmoor ya 2008, ambayo ni nchi ileile baada ya giza kuishukia. Wamo kithkin, watu wafupi wa vijijini. Katika Lorwyn ni wakarimu na wanaishi kwa kushirikiana. Katika Shadowmoor wamejifungia nyuma ya kuta na kila mgeni ni adui. Tandaza kadi za kawaida za kithkin wa pande zote mbili, funika maandishi, kisha muulize mtu asiyeujua mchezo huu ni kijiji kipi angethubutu kupiga hodi aombe maji.