Jina la Kaseti

Majina mengi ya vijiji vya Usukuma huanza kwa Mwa-, na maana yake ni mahali pa mtu au watu fulani. Mwamapalala, iliyo katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, ni moja ya majina hayo. Mgeni alisikiapo hajui bado kama mashamba ya huko ni ya pamba au ya mtama, lakini amekwisha ambiwa kwamba pana wenyewe. Kipimo hicho chafaa kutumiwa hata kwa kitu kidogo ambacho wahakiki hawakitupii macho: karatasi iliyobandikwa juu ya kaseti ya mchezo wa televisheni.

Asili ya kaseti hizo ni Japani. Kampuni ya Nintendo ilitoa mashine yake iitwayo Famicom mwaka 1983, na kaseti zake zilikuwa na meno 60 ya kupitishia umeme. Mashine ya jamii hiyo iliyouzwa Marekani tangu 1985 ilitaka meno 72. Nyingi zilizofika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1990 na baadaye hazikuwa za kampuni hiyo, bali nakala za bei nafuu zilizoundwa Asia kwa kufuata ile ya meno 60. Hapo ndipo uandishi wa kibandiko ulipoharibika. Kaseti iliandikwa kwamba ina michezo 9999999. Mtoto akiichomeka na kuteremka katika orodha, aliiona michezo ile ile michache ikirudi kwa majina mengine, pengine ikianzia hatua ya mbele kidogo ili ionekane mipya. Picha ya juu nayo iliweza kuwa ya shujaa asiyekuwamo ndani kabisa. Na aliyetoa akiba yake hakuwa na wa kumlalamikia, maana kibandiko hakikutaja mwenyewe.

Leo wako watu katika nchi nyingi wajitengenezeao kaseti kwa kujifurahisha tu. Hufungua ganda, huandika programu katika chipu, huilehemu kwa risasi juu ya bodi, kisha huchapa kibandiko chao wenyewe. Kazi hii haimshindi fundi redio wa Mwamapalala mwenye chuma cha kulehemu na mkono mtulivu.

Ulehemu wa watu hawa, kwa kawaida, ni bora kuliko vibandiko vyao. Wengi huona fahari kuiga kibandiko cha kiwandani mpaka nukta ya mwisho, hata muhuri wa ubora wa kampuni wakauchapa. Ustadi upo, lakini maandishi yanasema uongo. Kaseti hiyo ikipita mikono miwili, mtu wa tatu atauziwa kama ya zamani. Tofauti yake na ile ya michezo 9999999 ni usafi wa uchapaji.

Afadhali wangejifunza kwa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Na mnunuzi aweza kuirudisha nguo nzuri mezani kwa sababu tu jina lake halimfai. Vibandiko vingi vina pindo na mji, jina ni la kuazima. Na anayetaka kuandika kwa Kiswahili asidhani kwamba kutafsiri kunatosha. Uko mchezo wa mwaka 1984, Duck Hunt, ambamo mchezaji hulenga bata warukao kwa bastola ya mwanga. Kuuita Kuwinda Bata ni kumchekesha mswahili, kwa kuwa bata kwake ni ndege wa uani, na amwindaye katika ua wa jirani huitwa mwizi. Lakini kila aliyeucheza humkumbuka yule mbwa ainukaye katika majani na kumcheka aliyekosa shabaha. Kicheko cha Mbwa: hilo lingekuwa jina, na chini yake, kwa herufi ndogo, aliyeutunga mchezo, aliyelehemu nakala hii, na mwaka. (Bastola yenyewe haifanyi kazi mbele ya televisheni bapa za siku hizi, hilo nalo lingestahili kuandikwa.)

Wako watakaosema kwamba kibandiko ni pambo, na mchezo umo ndani. Watazame chipu za namna ya zamani ziitwazo EPROM, ambazo baadhi ya mafundi hawa huzitumia hata sasa. Juu yake pana kidirisha cha kioo, na kilichoandikwa ndani hufutwa kwa miale ya urujuanimno iingiayo hapo. Kwa hiyo fundi akimaliza kuandika hukiziba kidirisha kwa kibandiko kisichopenyeza mwanga. Mwenye kukibandua na kuiacha chipu hiyo kwenye jua kali, kwa muda wa wiki moja hivi, ataichomeka kaseti yake na kukuta mchezo umefutika.