Tembo wa Dhahabu na Hela ya Babu

Babu yangu aliacha sarafu moja tu. Ni ya shaba ya njano, imelika ukingoni, na ilikaa miaka mingi katika kopo la chai nyumbani kwetu Holili. Upande mmoja ina taji na mwaka 1916. Upande wa pili, katikati ya majani, imeandikwa 20 Heller. Pana na herufi T, yaani Tabora.

Ndugu yake wa dhahabu nimemshika mara moja maishani, mbele ya mkusanyaji aliyekuwa hanibandui macho. Ni rupia 15, gramu 7 na kitu. Dhahabu ilitoka Sekenke, nayo ikapigwa Tabora mwaka huo huo wa 1916, kwa kuwa meli za Waingereza zilikuwa zimewafungia Wajerumani njia ya bahari. Upande mmoja yuko tai wa Kaisari, mkavu kama muhuri wa ofisi. Lakini igeuze, ndugu msomaji! Tembo ameinua mkonga, anapiga kelele, na nyuma yake ipo milima. Inasimuliwa kuwa alichongwa na sonara kutoka Ceylon. Mimi nasadiki, maana huyu ni tembo wa mtu aliyepata kusimama karibu na tembo.

Mlima ndio unaonisumbua. Husemwa kuwa ni Kilimanjaro. Sisi wa Holili tunautazama kila asubuhi, Mawenzi imetukaribia na makorongo yake, Kibo imekaa nyuma kushoto. Mlima wa kwenye sarafu ungeweza kuwa wowote. Hilo nalisamehe, kwani sarafu yenyewe ni ndogo kuliko kisoda. Gumu kusamehe ni tarehe. Machi 1916 mapigano yalikuwa Latema na Reata, vilima vilivyo hapa mpakani, na baada ya siku chache Moshi ikawa mikononi mwa Waingereza. Kwa hiyo mafundi wa Tabora walikuwa wakipiga kwenye dhahabu mlima uliokwisha kuwatoka mabwana zao. Septemba Tabora yenyewe ikatekwa na Wabelgiji.

Waskoti wa karne ya 15 nao walikuwa na sarafu ya dhahabu yenye farasi wa pembe moja, mnyama ambaye hakuna aliyepata kumwona. Angalau huyo hakuwa na mlima wa watu mgongoni. Waingereza walipotuletea shilingi yao mwaka 1921, waliweka simba, na nyuma yake, wapi! Milima tena.

Sarafu ya babu haina mnyama wala mlima. Sehemu ya shaba iliyotumika kwa sarafu za namna hiyo ilikuwa maganda ya risasi, na ukiishika huhitaji kuelezwa kuwa ni vita. Haidai kitu zaidi ya bei yake. Nayo heller ndiyo iliyotuachia neno hela, wakati yule tembo mzuri hakuacha neno lolote vinywani mwetu.

Hata hivyo, nilimwuliza mkusanyaji bei ya tembo. Sina hela hizo.