Panda au Pandeni?

Usiku wa Julai 1, 2002, juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani, ndege mbili zilikuwa zinaelekea kukutana katika kimo kilekile, futi 36,000: Tupolev ya abiria kutoka Urusi na Boeing ya mizigo. Hakuna iliyopotea njia.

Katika muda wa sekunde saba hivi, marubani wa Tupolev walipewa amri mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mwongoza ndege aliyekuwa Zurich. Aliiita ndege kwa namba yake, akaitaka ishuke upesi hadi futi 35,000, akatoa na sababu: kuna ndege inakatiza mbele yenu. Ya pili ilitoka kwenye TCAS, chombo cha kuzuia ndege zisigongane: panda, panda.

Zisome kama tungo. Amri ya mwongozaji ina anayeitwa, ina kipimo, ina sababu, ina haraka ya mtu aliyeona hatari. Amri ya chombo ni kitenzi kitupu kilichorudiwa. Haina anayeitwa wala haisemi kwa nini, na haijui kwamba mtu amekwisha kusema kinyume chake. Mfasiri wa Kiswahili angekwama hapohapo: panda au pandeni? Maana katika chumba cha marubani walikuwamo watu watano.

Maneno yaliyonaswa na kinasa sauti huniuma kila ninapoyarudia. Rubani msaidizi alisema chombo kinasema wapande. Akajibiwa kwamba mwongozaji anawashusha. Kinasema, anawashusha. Msiba mzima umo katika viambishi hivyo viwili, ki- na a-, na sisi sote tumelelewa kumsikiliza a-. Tupolev ikamtii mtu, ikashuka. Boeing ikatii chombo chake, ikashuka pia. Zikagongana, wakafa watu 71, wengi wao watoto.

Siwezi kuwalaumu marubani kwa kuifuata sauti iliyowaita. Mwongozaji naye alikuwa peke yake kwenye meza mbili, simu kuu imezimwa kwa matengenezo. Aliwaambia hatari iko kulia, nayo ilikuwa kushoto.

TCAS ilikuwa na amri nyingine yenye kasoro ya lugha iliyo wazi zaidi: rekebisha kasi ya kupanda au kushuka. Iliyokusudiwa ni kupunguza, lakini kitenzi "rekebisha" hakina mwelekeo, na wapo marubani walioongeza. Toleo la 7.1, la mwaka 2008, lilikiondoa kitenzi hicho. Sasa chombo kinasema: sawazisha, sawazisha. Rubani akisikia hivyo, anaacha kupanda au kushuka, basi.

Kanuni za kimataifa nazo zimenyooshwa. Ki- ikipingana na a-, rubani anafuata ki-. Anamwarifu mwongozaji kwa maneno machache, na mwongozaji hatoi tena amri ya kimo mpaka aambiwe kwamba ndege zimepishana.