Hadithi ya Kudumu na Istighfari

Mara nyingi tunaisikia mimbarini hadithi ya Ibn Abbas (r.a.), kwamba mwenye kudumu na istighfari hufunguliwa njia katika kila dhiki na huruzukiwa asikotarajia. Imo katika Sunan Abu Dawud na Sunan Ibn Majah. Al-Hakim aliisahihisha, lakini adh-Dhahabi hakukubaliana naye, kwani katika isnadi yake yumo al-Hakam bin Mus'ab, mpokezi asiyejulikana hali yake. Sisi tunaiona hoja ya adh-Dhahabi kuwa na nguvu zaidi.

Je, tuiache istighfari? La hasha! Katika Surat Nuh, aya ya 10 hadi 12, Nabii Nuh (a.s.) anawaahidi watu wake mvua, mali na watoto wakiomba maghufira. Na katika Sahih Muslim imethibiti kuwa Mtume (s.a.w.) akiomba maghufira mara 100 kwa siku. Basi khatibu ana haja gani ya kumnasibishia Mtume (s.a.w.) neno lisilothibiti, hali lililothibiti analo mkononi?

Tena msikilizaji huondoka akihesabu riziki, si madhambi yake. Tumewaona walioiacha istighfari baada ya mwezi mmoja, eti deni halijalipika.