Mashine Imefika Wapi?

Fundi mzuri wa kompyuta haanzi na bisibisi. Anaanza na swali: mashine imefika wapi kabla ya kukwama? Nimewaangalia mafundi wa Kasenga, hapa Uvira, wakilirudia swali hilo juu ya meza zilizojaa chaja, nyaya na diski zilizofunguliwa, na kila nikiwaangalia heshima yangu kwao inaongezeka. Kazi inayoniteka kuliko zote ni ya kompyuta inayokataa kuanza kwa flashi. Mwenye mashine anaona kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe. Fundi anaona njia ndefu yenye vituo, na anajua kwamba mashine imesimama kwenye kimojawapo.

Kazi hii haikauki mjini kwetu. Umeme unakatika wakati Windows inaandika kwenye diski, mafaili ya mfumo yanaharibika, kesho yake mashine haiwaki mpaka mwisho. Ndani yake kuna kazi ya mwanafunzi ya kumaliza masomo, ile TFC aliyoitolea jasho, au hesabu za kikundi cha akiba, au ripoti za kituo cha afya. Mara nyingi diski yenyewe ni nzima, kilichoharibika ni mfumo uliokuwa ukiiendesha. Ndiyo maana fundi huandaa flashi yenye mfumo mwingine, kwa kawaida Linux, ili kompyuta ianze kwa flashi hiyo, diski isomwe tu bila kuandikwa, na mafaili ya mwenyewe yaokolewe kwanza. Flashi ikikubali, sehemu ngumu imepita. Ikikataa, hapo ndipo ufundi unapojionyesha.

Msafiri anayetoka Kasenga kwenda Bujumbura hupita Kavimvira, akavuka mpaka, akapita Gatumba. Asipofika, ndugu zake wanauliza alionekana wapi mara ya mwisho, kisha wanaanzia hapo kumtafuta. Fundi naye hufanya hivyo. Asiye fundi hujaribu kila kitu kwa pamoja: anabadilisha flashi, anagusa mipangilio, anafungua mfuniko, na hata mashine ikiwaka hajui kilichoiponya.

Kituo cha kwanza ni ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia inapopata umeme. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa nao, na mpaka leo unasimamiwa na programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu. Inapima kumbukumbu, inatafuta kibodi na kioo, na ikikuta kasoro kubwa kabla ya kioo kuwaka, mashine nyingi hulia milio mifupi au mirefu. Hapo fundi anaomba redio ipunguzwe, anainamisha kichwa, anahesabu. Kila mtengenezaji ana maana zake za milio, na fundi wa siku nyingi anazo nyingi kichwani. Kama mashine imekwama hapa, flashi haina kosa lolote, na kuhangaika nayo ni kupoteza saa ya mteja.

Kituo cha pili ni orodha ya kuchagua chombo cha kuanzia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi kibonye cha kuifungua ni F12, kwenye HP nyingi ni F9, kwenye Asus nyingi ni Esc. Acer nyingi hutumia F12, ila lazima kwanza iruhusiwe kwenye mipangilio. Na tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta unayoizima kwa kawaida huenda haijazimika kabisa: sehemu ya mfumo huwekwa kwenye diski ili iwake haraka siku inayofuata. Kwa hiyo fundi mwenye uzoefu, mashine ikiwa bado inaingia Windows, anachagua kuianzisha upya badala ya kuizima, ili safari ianze tangu mwanzo.

Kama flashi haimo kwenye orodha, anabadilisha kitu kimoja tu, anaangalia tena, ndipo anagusa kingine. Anaihamisha kutoka tundu la bluu la USB 3.0 kwenda tundu jeusi, kwa sababu mashine kadhaa za zamani haziwezi kusoma tundu la bluu kabla ya mfumo kupakiwa. Haikagui mashine hiyo peke yake: flashi ileile anaichomeka kwenye kompyuta nyingine, kisha flashi iliyofanya kazi kule anaileta hapa. Kwa hatua hizo mbili anajua mgonjwa ni nani. Anatazama pia vile vibati vinne vya rangi ya dhahabu mdomoni mwa flashi. Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, vumbi la kiangazi na unyevu wa masika haviachi kitu, na mara nyingine kinachohitajika ni kitambaa kikavu na kusugua taratibu.

Kituo cha tatu ni yaliyomo ndani ya flashi, na hapa naona watu wengi wakipotea. Kompyuta za mtindo wa zamani husoma kipande cha kwanza cha flashi, baiti 512, na zinategemea kukuta mwishoni mwake alama mbili, 55 na AA. Zile za mtindo mpya wa UEFI hutafuta sehemu iliyopangwa kwa FAT32, zikaingia folda ya EFI, kisha BOOT, zikatafuta faili liitwalo bootx64.efi. Mtu aliyenakili faili la ISO kwenye flashi kama anavyonakili wimbo hakuweka hata kimoja kati ya hivyo. Faili linapaswa kufunguliwa na kuandikwa kwa programu kama Rufus, na mwandikaji achague kati ya mpangilio wa MBR na ule wa GPT kulingana na mashine inayongojea. Ventoy ndiyo inayoruhusu kunakili ISO kama ilivyo, kwa sababu yenyewe imeshatandika njia kwenye flashi.

Na FAT32 ina mpaka wake: haipokei faili moja linalozidi GB 4, wakati faili kubwa la kusakinisha Windows mara nyingi huupita mpaka huo. Mtu anapanga flashi kwa NTFS ili faili liingie, kisha anashangaa UEFI ya mashine yake haiioni, kwa kuwa nyingi hazisomi NTFS. Fundi anayejua hilo hatafuti kosa kwenye matundu wala kwenye diski.

Kituo cha nne ni pale mfumo unapoanza kupakiwa kisha unaganda. Intaneti ni ghali, hivyo ISO hupita mkono kwa mkono, na nakala iliyokatika njiani haionekani kwa macho. Mafundi makini hupima alama ya SHA-256, tarakimu na herufi 64. Biti moja ikibadilika ndani ya mabilioni, alama nzima inakuwa nyingine. Kama nakala ni salama lakini kioo kinabaki cheusi, huenda kosa liko kwenye chipu ya picha, na dawa ya kujaribu ni kuongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuanzishia Linux.

Hapo nilimwona fundi mmoja akifanya jambo dogo lililonifurahisha. Kibodi ilikuwa ya Kifaransa, kama nyingi za Kongo, lakini katika hatua ile mashine huwa inajidhania ina kibodi ya Kimarekani. Alipofika kwenye herufi m, kidole chake hakikwenda kwenye M. Kilishuka kwenye mkato, pembeni ya N, na m ikatokea kiooni. Hakusita hata kidogo.

Kuna pia mashine inayotii leo na kusahau kesho: umepanga ianze kwa flashi, umeichomoa kwenye umeme, mipangilio imerudi ya zamani na saa inaonyesha mwaka wa zamani. Hiyo inamtuma fundi kwenye betri ya CR2032, ambayo jina lake linataja vipimo vyake: milimita 20 upana na 3.2 unene. Mpya ina volti 3. Anaipima, anaibadilisha, anaweka saa.

Lakini ustadi ninaousifu zaidi ni wa kujizuia. Ulinzi wa Secure Boot ukiikataa flashi, kuuzima ni suala la dakika moja. Fundi mwaminifu anasimama kwanza.

"Mama, diski hii ina BitLocker? Ile namba ndefu ya kuifungulia unayo?"

"Sijui, mwanangu. Walioniuzia hawakuniambia."

"Basi tusiguse hapo kwanza. Tutafute."

Alijua kwamba, diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kubadilisha ulinzi ule kunaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48, na asiye nao anaweza kuyakosa mafaili yake. Angeweza pia kuformati, akalipwa, na mashine ikaondoka inawaka vizuri, mafaili yakiwa yamefutika. Njia hiyo ya mkato ipo kila siku mezani pake, naye kila siku anaikataa.

Vijana wanaojifunza kazi hii Kasenga huomba kwanza orodha ya vibonye: F12, F9, Esc. Wapewe, vitawasaidia. Lakini vibonye hubadilika kila toleo, na anayeijua njia yenyewe atajikuta ana pa kuanzia hata mbele ya mashine asiyowahi kuiona. Nasi wateja tuache kusema kwamba fundi kabonyeza tu halafu anadai pesa. Kazi ilifanyika kabla hajabonyeza, alipokuwa kimya akitafuta mashine imefika wapi, na kazi hiyo inastahili malipo yake kamili.