Jangili Hakushonewa Jaketi

Mara ya kwanza tunamwona vizuri Denys Finch Hatton kwenye Out of Africa (1985), amesimamisha treni katikati ya pori ili apakie pembe za ndovu. Mzigo mzima. Hakuna anayemwita jina baya, na muziki wenyewe unakuambia umpende. Nimeitazama hiyo filamu mara nne sasa, mara ya mwisho bila sauti, nikiangalia nguo tu. Jaribu siku moja. Ukiondoa zile fidla za John Barry, kinachobaki ni watu waliovaa vizuri sana wakiwa na bunduki.

Na wamevaa vizuri, tusidanganyane. Milena Canonero aliyebuni mavazi aliteuliwa kwa Oscar na alistahili. Kaki ya Robert Redford inakaa kama imefuliwa mtoni mara mia. Inamfuata mwili bila kumbana, na unaamini huyu jamaa amelala nje nusu ya maisha yake. Hilo ndilo tatizo. Nguo inafanya kazi ambayo script haijafanya. Inakuambia huyu ni wa hapa.

Lakini kaki yenyewe si ya hapa. Neno limetoka kwa Waajemi likapitia India, na maana yake ni rangi ya vumbi. Wanajeshi wa Waingereza huko India walianza kuivaa miaka ya 1840. Ilikuwa nguo ya kujificha usipigwe risasi. Ikifika kwenye safari za Kenya imegeuka nguo ya kuonekana. Yves Saint Laurent akaifanya fasheni ya Paris 1968, Banana Republic ikaanza 1978 kwa kuuza hizo hizo, na Oktoba 2018 Melania Trump akaja Nairobi National Park na helmeti nyeupe ya kikoloni kichwani. Mnakumbuka vile tulimchapa mtandaoni.

Sasa, swali la fundi: hiyo kaki inakuficha? Kiasi. Wanyama wengi wenye kwato hawatofautishi nyekundu na kijani kama sisi, ndio maana Marekani wawindaji wa kulungu huvaa rangi ya chungwa inayowaka. Mwenzako anakuona asikupige risasi, kulungu hashtuki. Kinachomshtua ni ukitikisika, nailoni ikilia shwa shwa kwenye miiba, au upepo ukigeuka. Rangi ya bluu na nyeusi ziache nyumbani, kwa sababu mbung'o wanazipenda hadi mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Kwa hivyo pamba laini ya rangi ya udongo ni akili. Ile mifuko minne, mshipi na vishubaka vya risasi kifuani, hiyo ni ya picha. Mzigo halisi ulikuwa kichwani kwa mtu mwingine. Theodore Roosevelt alipokuja 1909 alikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na yeye na mwanawe Kermit wakapiga wanyama 512. Ukiwa na watu 200 wa kukubebea hema na chakula, nguo gani itakusumbua?

Kuna Mwafrika mmoja ambaye nguo zake zinazungumziwa kwenye filamu. Ni Juma, mtumishi wa nyumbani, na nguo ni glavu nyeupe ambazo Karen Blixen anataka avae akiandaa meza. Mwishoni, shamba limeisha na vitu vinauzwa, Karen mwenyewe anamvua. Watu hulia hapo. Mimi niliona kitu kingine: Juma anavishwa na anavuliwa, na kote kule kati hatujui yeye mwenyewe angependa kuvaa nini. (Nilipoacha chuo nilikuwa na deni la insha moja ya fasihi ya kikoloni. Haya basi, ndiyo hii.)

Wahakiki wakali zaidi wa mavazi nchini wako Amboseli. Mwaka 2007 watafiti walichapisha jaribio ambalo mimi nalisoma kama uhakiki wa fasihi. Waliwapelekea ndovu nguo zilizovaliwa na Wamaasai, nyingine zilizovaliwa na Wakamba, na nyingine safi ambazo hazijavaliwa. Harufu ya Mmaasai iliwatimua ndovu kwa kasi zaidi na mbali zaidi, kwa sababu morani ndiye huwachoma mikuki. Mkamba wa hapo ni mkulima tu. Kisha wakaonyeshwa nguo safi, nyekundu na nyeupe, na kwa nyekundu wakaonyesha hasira. Ndovu anasoma shuka. Anajua nani aliivaa na huyo alimfanyia nini. Sisi tunamwangalia Redford na tunaona mahaba.

Waata walijua hayo bila maabara. Hawa ni wawindaji wa ndovu wa upande wa Tsavo na nyuma ya pwani. Silaha yao ilikuwa upinde mrefu, mgumu kuvuta hadi msee wa gym angeaibika, na mshale uliopakwa sumu ya mti. Ili upige ndovu kwa mshale lazima umkaribie hadi umsikie akipumua, na hapo hakuna jaketi litakalokusaidia. Unashinda kwa upepo na subira. Tsavo ikafanywa mbuga ya taifa 1948, na katikati ya miaka ya 1950 kukawa na operesheni kali ya kuwasaka. Waata wengi walifungwa jela. Mwenye pesa na leseni aliendelea kuwinda Kenya, kihalali, hadi marufuku ya 1977.

Kwa hiyo kuna miaka ishirini hivi ambapo ndovu aliyeangushwa na wa leseni alikuwa nyara, na aliyeangushwa na Mwaata alikuwa ushahidi mahakamani. Hata Kiswahili chetu kilifuata: mmoja ni mwindaji, mwingine jangili. Sitetei pembe, marufuku naiunga mkono na ningependa ibaki. Lakini usiniambie maneno hayo mawili yaligawanywa kwa kuangalia mnyama.

Out of Africa haina mhusika Mwaata. Wanaotembea na Redford porini hawana hadithi zao, na nguo zao ni za kujaza picha. Oscar ya mavazi mwaka ule Canonero aliikosa. Ilienda kwa Emi Wada kwa kazi yake kwenye Ran ya Kurosawa, ambapo sare na deraya zaidi ya elfu moja zilitengenezwa kwa mkono. Itafute. Angalia askari wa mwisho kabisa kwenye mstari, yule anayekufa bila kusema neno, vile ameshonewa.