Neno "Kazi" katika Sheria ya Ndoa

Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971, iliziweka chini ya paa moja ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za Kihindu, za kiserikali na za kimila, ambazo hapo awali kila moja ilifuata kanuni zake. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya vifungu vyake vinavyohusu mitala na umri wa kuolewa. Sisi tunapenda kukitazama kifungu cha 114, kwa kuwa ndani yake limo neno moja ambalo hatuna budi kulichambua kama tunavyolichambua neno la mshairi. Neno lenyewe ni kazi.

Kifungu hicho kinaipa mahakama uwezo wa kuwagawia watalaka mali waliyoichuma katika ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Mahakama imeagizwa kutazama mila za jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Kisha, baada ya hayo yote, ielekee kwenye usawa. Msomaji aone kwamba usawa umewekwa mwisho wa foleni. Na kwa kuwa sheria hiyohiyo inasema kuwa ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, mwanamke ambaye jina lake halimo katika hati ya nyumba, na ambaye hakutoa fedha wala mali, amebakiwa na kamba moja tu ya kushika, nayo ni hiyo kazi.

Je, kupika, kufua na kulea ni kazi? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wengine walisema kwamba hayo ni wajibu wa mke, kama vile kumlisha mke kulivyo wajibu wa mume, na wajibu hauzai hisa. Wengine waliona kuwa mume asingeweza kujenga kama nyumbani pasingekuwa na mtu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa miongoni mwa majaji, ilikata mzozo huo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Iliuliza sheria ya 1971 ilikusudia kuponya dhara gani, ikaamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaostahili kuhesabiwa.

Tunaistahi hukumu hiyo, na ni haki ifundishwe. Lakini walimu wengi huishia hapo, wasiwaambie wanafunzi kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kuwa mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzishia mradi wa familia, naye akazitapanya. Basi akahesabiwa kuwa amekwisha kuchukua fungu lake. Hapa ndipo tunapotofautiana na majaji. Fedha zilizopotea zilitiwa katika mizani. Miaka ya jikoni ilisifiwa, lakini hatukuonyeshwa uzito wake. Ikiwa fungu lake lilikwisha, lilikuwa kiasi gani hata likaisha? Kanuni iliyojengwa kwa jasho la mwanamke huyo imewafaa wengine, na yeye akarudi mikono mitupu.

Ugumu huu haukuanzia mahakamani. Azimio la Arusha la 1967 lilikiri wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote nchini, mara nyingine saa 12 au 14 kwa siku. Lakini Azimio hilohilo liliwataja baadhi ya wanawake wa mijini pamoja na wanaume wa vijijini, kuwa nusu ya maisha yao wamo likizoni. Jembe lilionekana, sufuria haikuonekana. Miaka minne baadaye ndipo sheria ikatungwa, na Bi Hawa alikuwa mwanamke wa mjini.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 huko Pate, tumezoea kuusoma kama somo la utii. Tunawashauri walimu wausome pia kama orodha ya shughuli: kumpepea mume alalapo, kumkanda, kumtengenezea ndevu, kumfukizia ubani, kumwandalia chakula. Mtunzi alizijua shughuli hizo moja moja, wala hakuzidharau. Ila malipo yake aliyaweka akhera. Hatuna ugomvi na imani yake. Tunasema tu kwamba hakimu anagawa mali iliyopo duniani.

Tangu hapo sheria imesogea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 161, inampa haki mwenzi aliyetia nguvu zake katika ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2013, wametaja kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Hata hivyo Mahakama yao ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba usawa si lazima uwe nusu kwa nusu. Suala la kipimo, basi, lingali palepale.

Mwaka 2021 Bunge letu lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa mahakama za mwanzo zilikwisha kukitumia tangu zamani. Jambo hili ni jema, lakini Kiswahili chetu nacho kina lawama. Tumeziona fomu za shule ambamo, mbele ya maneno "kazi ya mama", mwanafunzi ameandika "hana". Hakuna mwalimu aliyemsahihisha. Mwanamke aliyezoeshwa jibu hilo, siku atakapoulizwa na hakimu alichangia nini, atasema mwenyewe kwamba hakuwa na kazi, na karani ataliandika.